Shangazi, mume anataka kamera kubwa, mimi nataka ya mfukoni

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Busia upande wetu wa Uganda, ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo mpakani. Baba yangu alikuwa askari na sisi tulikulia kambini, kwa hiyo Kiswahili ndicho cha nyumbani. Nimeona nikuandikie wewe kwa sababu kila ninayemuuliza hapa humtazama mume wangu usoni kwanza ndipo anijibu.

Jambo lenyewe ni kamera. Najua wengine wanakuletea habari za mawifi na nyumba ndogo, lakini hili limeninyima usingizi, hii ni wiki ya tatu.

Napiga picha kwa simu tangu nimalize shule. Nampiga picha binti yangu, nawapiga akina mama wa sokoni, na zaidi ya wote nampiga mama yangu mzazi. Mama anakaanga mihogo na samaki kando ya barabara kuanzia saa kumi na mbili jioni. Taa yake ni moja tu, ndogo ya sola, ameining'iniza kwenye mti wa mwavuli. Saa ile moshi unapanda, uso wake unamulikwa upande mmoja, mikono inang'aa mafuta. Nikimpiga kwa simu, uso unatoka laini kama umepakwa nta. Makunyanzi yote yamefutwa. Huyo si mama yangu.

Mwisho wa mwezi huu ni zamu yangu ya kupokea katika kikundi chetu cha akiba. Nitapata milioni tatu na laki mbili. Shemeji yangu, mume wa dada, anakwenda Dubai kununua vipuri na amekubali kuniletea kamera. Ameulizia huko, akaniambia kwa pesa yangu nitapata moja kati ya mbili, na bei zake zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ni Canon PowerShot G7 X Mark III, ile inayoingia kiganjani. Ya pili ni Canon EOS R50 pamoja na lenzi yake ya 18-45, hizi wanazoziita mirolesi.

Moyo wangu umekwenda kwa ndogo. Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala na kurudi, nyumbani tunamwona siku chache kwa mwezi, lakini siku hizo chache ana maoni ya mwezi mzima. Anasema kamera ndogo ni pesa ya kuchezea. Jirani yetu ana binti atakayefanyiwa kwanjula, ile sherehe ya mchumba kutambulishwa kwa wazazi wa binti, Desemba, ameniomba nikapige picha, atanipa laki tano. Mume wangu akasema, "Ukitokea kwenye kwanjula na kikamera cha kiganja, watu watadhani ni mgeni aliyekuja kula." Nilicheka, ila maneno yamenikaa.

Tena mimi mwenyewe nina makovu. Mwaka juzi nilinunua kamera ndogo bapa ya mtumba Kampala. Muuzaji aliisifia kuwa inavuta mara 12. Ilidumu miezi saba, vumbi la huku likaingia, siku moja lenzi ikatoka nusu ikagoma kurudi. Na picha zake, nikisema kweli, hazikuishinda simu. Halafu mwaka jana binamu yangu aliniachia kamera yake kubwa ya zamani miezi mitatu alipokwenda masomoni. Niliitumia mara mbili. Begi zito, na nilipoitoa sokoni mwanamke mmoja akafunika uso kwa leso, mwingine akaniuliza kama nimetumwa na watu wa ushuru wa soko, wa tatu akataka nimlipe kwanza.

Sasa Shangazi, nikinunua ndogo nitakuwa nimerudia kosa la ile ya mtumba? Na kubwa ina nini ambacho ndogo haina? Shemeji anasema ndogo ina kihisi cha inchi moja na kubwa ina APS-C. Mimi inchi naijua ya fundi cherehani.

Mwenye zamu ya mwisho wa mwezi, Busia

JIBU

Mwenye zamu, marahaba.

Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikaa miaka nyuma ya kaunta ya studio ya picha Kampala, enzi za filamu ya picha 36, mteja akifumba macho hasara ni yako. Kwa hiyo barua yako imenifurahisha kuliko zile za nyumba ndogo, ambazo jibu lake huwa ni lile lile.

Nimeisoma kikarani, kwa heshima ya kazi yako. Mama yako amepata aya nzima, na moshi wake, na mafuta yake mikononi. Kwanjula imepata sentensi chache, na iliyo tamu kuliko zote ni ya mume wako. Liweke hilo pembeni, nitalirudia.

Tuanze na inchi. Fundi cherehani wako akikipima hicho kihisi, yaani kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea mwanga, atakurudishia kwa hasira. Ni milimita 13.2 kwa 8.8, basi. Hata ukivuta kanda kona kwa kona huifikii inchi. Jina ni la urithi: kamera za televisheni za zamani zilitumia mirija ya kioo, na kilichopimwa kilikuwa unene wa mrija kwa nje, si ile sehemu ya ndani iliyopokea picha. Mirija imekwisha, jina limebaki. (Mafundi wengi wa mjini wanakiita kihisi "sensa". Usiwafuate. Sensa ya 2024 ilituhesabu sisi, hiki kinahesabu mwanga.)

Kihisi cha R50, hiyo APS-C ya shemeji, ni milimita 22.3 kwa 14.9. Zidisha, utaona kubwa ina milimita za mraba 332 na ndogo ina 116. Karibu mara tatu. Lakini zile kamera bapa zinazovuta mara 12, kama yako ya mtumba, kwa kawaida kihisi chake ni milimita 6.2 kwa 4.6, yaani milimita za mraba 28 hivi. Robo tu ya hii ndogo unayoitamani sasa. Ndiyo maana haikuishinda simu yako: simu ina kihisi kidogo pia, lakini ina kompyuta yenye akili nyuma yake, na ile bapa haikuwa nayo. Kwa hiyo hapana, hurudii kosa. Kamera mbili kuwa na umbo moja hakuzifanyi ndugu.

Sasa hapa wauzaji hawadanganyi, wananyamaza tu. Watakuambia kihisi cha mirolesi ni mara tatu, na wewe utamalizia mwenyewe kichwani kwamba picha za usiku zitakuwa bora mara tatu. Hawatakuonyesha namba iliyoandikwa mdomoni mwa lenzi.

Chukua mahema mawili ya kwanjula. Moja lina viti 332, lakini mlango wake mwembamba, wageni wanapita kwa ubavu, mmoja mmoja. Jingine lina viti 116 na mlango wake unapitisha gomesi mbili, yale magauni mapana ya Kiganda, sambamba bila kugusana. Mshereheshaji anafungua milango yote miwili kwa muda mfupi ule ule, kisha anafunga. Usiulize hema lipi lina viti vingi. Uliza lipi limeingiza watu.

Mlango ndiyo ile namba inayoandikwa na herufi f, na namba ikiwa ndogo mlango ni mpana. Lenzi ya G7 X Mark III inaanzia f/1.8, na ukiivuta hadi mwisho inafikia f/2.8. Lenzi ya 18-45 inayokuja kwenye boksi la R50 inaanzia f/4.5 na kuishia f/6.3. Zote mbili zikiwa hazijavutwa, kila milimita ya kihisi cha ndogo inapata mwanga zaidi ya mara sita kuliko milimita ya kubwa. Kubwa ina milimita karibu mara tatu. Gawanya: ndogo inabaki mbele kama mara mbili. Ukivuta lenzi pengo linapungua, ila halifutiki.

Nimeandika nilichokusudia kuandika. Pale kwa mama yako, taa moja ya sola, saa moja usiku, kamera ya kiganjani itakusanya mwanga mwingi kuliko ile kubwa ikiwa na lenzi yake ya boksi. Hata ule ukungu mzuri nyuma ya uso, ambao watu hudhani ni mali ya kamera kubwa peke yake, ndogo itautoa zaidi kidogo kwa hesabu hiyo hiyo.

Basi kubwa iliumbwa kwa nini? Kwa sababu lenzi yake inang'oka. Hiyo ndiyo maana nzima ya kuinunua, na mtu asiyekusudia kununua lenzi ya pili anabeba boksi la uwezo asioutumia. Jina mirolesi halina uchawi: kamera kubwa za zamani, kama ya binamu yako, zina kioo ndani kinachorusha picha juu kwenye tundu la kuchungulia. Mwaka 2008 Panasonic walitoa G1, ya kidijiti, lenzi inabadilishwa lakini kioo hakimo, wengine wakafuata. Kutokuwa na kioo kunapunguza unene. Hakuongezi mwanga.

Ipe R50 lenzi ya RF 50mm f/1.8, kitu kidogo cha gramu 160, na hesabu inageuka kichwa chini. Ukilinganisha na ndogo ikiwa imevutwa kukaribia umbali ule ule, kubwa inapata mwanga karibu mara saba. Hapo kila kunyanzi la mama yako litahesabika. Ila ujue kwamba kwenye kihisi hicho lenzi ya 50 inaona kwa wembamba (milimita za lenzi zikiwa nyingi, inavuta karibu na kuona sehemu ndogo), kama lenzi ya milimita 80 kwa vipimo vya filamu ya zamani, kwa hiyo utalazimika kurudi nyuma hatua kadhaa ili mama na karai lake waingie wote. Na nyuma yako ni barabara. Usije ukagongwa na lori la mume wako ukitafuta picha.

Hiyo lenzi ya 50 haimo kwenye milioni tatu na laki mbili. Hilo ndilo shemeji hakulisema, na simlaumu, yeye ni mtu wa vipuri. R50 na lenzi ya boksi peke yake, kwa picha za jioni, ni jembe lililonunuliwa bila mpini.

Nisije nikaonekana naichukia, maana ina mambo ambayo ndogo haiyawezi kabisa. Kwa Waganda mimi shangazi ndiye ssenga, na kwenye kwanjula ssenga ndiye anayepita kati ya wageni kumtafuta bwana harusi. Dakika ile haina marudio. Watu wanasimama, wanapiga vigelegele, mtu anakatiza mbele yako na sinia. R50 inalitambua jicho la mtu na kulifuata hata akitembea. G7 X Mark III inalenga kwa mbinu ya zamani ya kwenda mbele na kurudi nyuma mpaka ione imepata, na ukirekodi video utaiona ikipapasa, picha inafifia, inakaza, inafifia. Mtoto akikaa tulivu haina shida. Ssenga akiwa kazini, ina shida.

Jua la saa sita nalo ni adui wa ndogo. Haina tundu la kuchungulia, una kioo cha nyuma tu, na kwenye jua la Busia kioo hicho ni kioo cha kujitazamia. Kubwa ina tundu. Betri ya ndogo imekadiriwa picha 235 kwa chaji moja, na mtu anayepiga sherehe anazimaliza hizo kabla posho na nyama havijafika mezani. Halafu huwezi kuifunga flashi juu yake, imebaki na kile kitaa chake kidogo kinachochomoza.

Kuhusu flashi kuna mtego upande wa pili, na huu umewakamata watu. Mguu wa flashi juu ya R50 ni wa aina mpya, hauna ile pini ya katikati tuliyoizoea, kwa hiyo flashi ya kawaida ya mtumba utaichomeka na haitawaka. Inahitaji kipande cha kuunganishia kinachoitwa AD-E1, nacho kinauzwa peke yake. Ukisikia mtu wa mjini anakuambia "chukua mirolesi, flashi nitakupa yangu ya zamani", muulize habari za hicho kipande kwanza.

Ungekuwa mtu wa ndege, yaani unataka kwenda kwenye kinamasi cha Mabamba ukampige picha korongo mwenye domo kama kiatu, mjadala ungekwisha kwa mstari mmoja: lenzi ya ndogo inaishia milimita 100 kwa vipimo hivyo vya filamu na haitampata, kubwa unaweza kuinunulia lenzi ndefu. Lakini hukutaja ndege. Na yule kalooli, korongo wa majalalani wa Kampala, haogopi mtu, hata simu inamtosha.

Turudi sokoni. Yule mama aliyefunika uso kwa leso hakuichukia kamera, aliona kazi. Kamera kubwa ni kama faili la ofisini: mtu akiliona anajua jina lake linakwenda mahali asipopajua. Ndogo uzito wake gramu 304 na betri ndani, haizidi simu nzito na kifuniko chake. Mirolesi na lenzi ya boksi inakaribia gramu 505, nayo si mzigo, ni nyepesi kuliko ya binamu yako, lakini haiingii mfukoni, na kisichoingia mfukoni kinahitaji begi, na begi ulikwisha nieleza lilivyokaa miezi mitatu. Udogo wa kamera haukupi ruhusa ya kuiba sura za watu, hilo unalijua. Omba, piga, mwonyeshe, na safari ijayo mletee iliyochapwa. Ile ya kuchapwa ndiyo inayofungua meza zote za soko. Na pale kituoni mpakani usitoe kamera yoyote, ndogo wala kubwa. Unafanya kazi hapo, askari wanakujua, na siku watakayokuuliza watakuuliza zaidi kwa sababu wanakujua.

Vumbi sasa, maana hili ni la kweli. Hakuna kati ya hizo mbili iliyozibwa dhidi ya vumbi au mvua. Tofauti yao ni pale vumbi linapoingia. Kwenye mirolesi unang'oa lenzi, unaishika kamera mdomo chini, unapuliza kwa kipulizio cha mpira (si kwa kinywa, mate yatabaki), mara nyingi limetoka. Kwenye ndogo, lenzi ikivuta vumbi ndani kila inapotoka na kurudi, kulisafisha ni kufungua kamera nzima, na fundi wa kuifungua vizuri si kila mtaa unaye. Kilichoiua ya kwanza nadhani ni mfuko wa koti au mkoba wenye makombo na vumbi la murram. Ishonee hii mfuko wake wa kitambaa, isikae na funguo wala noti. Siku za vumbi jingi ifunge ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki. Ukiiwasha, subiri lenzi itoke yote ndipo uishike mbele, na usiizime ikiwa imebanwa na kitu. Kamera ya aina hii haifi kwa uzee, inakufa kwa lenzi iliyozuiwa njiani.

Haya, uamuzi. Nunua ndogo.

Ungeniandikia kwamba una kazi tatu za kulipwa kila mwezi ningekuambia kinyume bila kusita, tena ningekuambia uikope hiyo pesa ya lenzi ya 50. Lakini kazi uliyonayo ni moja, ya Desemba. Mama unaye kila jioni. Pesa ni zamu yako, umeichanga wewe. Na kwa mwanga wa pale kwa mama, kwa bei hiyo hiyo, bila kuongeza shilingi, ndogo inaishinda kubwa yenye lenzi ya boksi. Sijui kama utapata hoja nyingine iliyo rahisi hivyo kumweleza mume.

Mume mwenyewe usimgombeze, ana jambo. Aliyosema kuhusu mgeni aliyekuja kula ni kweli kwa sehemu, watu humpisha mwenye kamera kubwa na kumkanyaga mwenye ndogo. Mwambie umekubali kwamba kuna biashara hapo, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeiona, aweke mtaji: alete bei ya lenzi ya 50 na kile kipande cha flashi, nawe zamu ijayo ulete bei ya R50. Ukimya utakaofuata utakuonyesha anaiamini biashara hiyo kiasi gani. Kama ataleta, basi una mume mzuri na mwakani utakuwa na kamera mbili.

Desemba huhitaji kununua kitu. Binamu yako ana kamera kubwa iliyolala. Mwombe kwa siku mbili, siku ya kwanza ya kuizoea upya, ya pili ya kazi. Flashi ya kawaida itawaka juu yake ikiwa ina ule mguu wa zamani wenye pini. Mwambie jirani ukweli kwamba ndiyo kwanza unaanza, na chukua nusu ya laki tano mapema, nayo ni kishika uchumba. Kadi za kumbukumbu nenda nazo mbili au tatu, na ubadilishe ile ya kwanza mara zawadi zikimaliza kuingizwa, hata kama haijajaa, kisha uiweke mwilini mwako na si kwenye begi. Ndogo ivae shingoni kwa ajili ya yale yanayotokea nyuma: wapishi, watoto chini ya meza, bibi arusi akirekebishwa mshipi kabla hajatoka.

Jambo moja la mahema, kwa sababu nimeona picha nyingi nzuri zikiharibikia hapo. Hema jeupe na kanzu nyeupe zitaidanganya kamera idhani kuna mwanga wa kupita kiasi, itapunguza, na nyuso zetu zitatoka kama makaa. Pandisha mwenyewe, ile alama ya kuongeza na kupunguza, ipeleke kwenye theluthi mbili au hata moja nzima, kisha tazama uso na si kanzu. Hema la buluu au la kijani ni baya zaidi, linawapaka watu wote rangi yake. Hapo weka kamera ihifadhi faili ghafi (RAW) badala ya picha iliyokwisha pikwa, uzirekebishe rangi nyumbani. Picha za ukoo zipige nje ya hema kabla ya chakula. Baada ya chakula hutampata mjomba hata mmoja.

Mwambie shemeji aiwashe kamera palepale dukani Dubai, aivute lenzi hadi mwisho na kuirudisha mara kumi, apige ukuta mweupe akague madoa, na aulize dhamana inafika Uganda au inaishia kwao. G7 X Mark III ipo tangu 2019 na vijana wa mitandaoni wameipandisha chati, kwa hiyo asishawishiwe kuchukua iliyokwisha tumika kwa bei ya mpya. Mambo ya ushuru sikufundishi, unayajua kuliko mimi.

Na picha ya mama ikitoka vizuri, nitumie. Lakini usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa na makunyanzi yatafutika tena. Itume kama faili.